Kunde za Mama Zilipoamka

Beseni la bati liliburuzwa sakafuni. Nilikuwa bado nje na ndoo ya maji, lakini nilijua: baba ametapika tena. Hata leo, bati likikwaruza saruji popote, mimi hushtuka.

Nyumba yetu ya Mpumudde ilinuka dawa. Baba yangu Romano, askari jela mstaafu aliyewahi kunyamazisha ua mzima kwa kukohoa tu, alibaki mifupa na sauti. Nyama ilimkataa, maziwa yalimkataa. Daktari alitazama ukuta akisema, "Asipopata protini, atakwisha." Mimi, niliyejifundisha ushairi na kujiona nina neno kwa kila jambo, sikuwa na neno.

Dada yangu Daphine, mwalimu wa baiolojia Mbale, alinipa moja kwa simu: vimeng'enya. Mbegu iliyolala hufunga protini yake. Ikiloweshwa huamka, na vimeng'enya huikatakata kulisha chipukizi.

"Tumbo la baba limechoka kukata," alisema. "Acha mbegu imsaidie."

Niliroweka kunde za dukani Bugembe. Zilikuwa kuukuu, zikaoza. Nikaroweka nyingine, nazo zikaoza. Ndipo Daphine akaja kutoka kwake Namakwekwe, kule Mbale, na kibuyu cha marehemu mama, ndani mna mbegu zake za mwisho za kunde, alizozihifadhi kwa majivu. Ndani ya kitambaa kibichi zilitoa mikia myeupe. Nililia kama mjinga. Tukakausha nusu, tukasaga, tukapika uji.

Baba aliziona zilizobaki, akazitambua kwa madoa yake mekundu.

"Hizi za mama yenu."

"Ndiyo, baba," Daphine akajibu. "Kunywa."

"Kule shamba la jela, mfungwa akitafuna mbegu ya kupanda, nilimchapa. Leo mnanipa mimi?" Akanigeukia. "Mshairi! Beti zimekuishia, sasa unampika mama yako?"

Hasira ilinipanda. Nikapiga magoti, kikombe mkononi.

"Pona kwanza, Afande. Kisha unichape."

Kitu kama kicheko kikamtoka. Akanywa funda moja. Mkono wake ukashuka, ukashika ukingo wa beseni. Tukangoja, Daphine amejiziba mdomo kwa kanga. Boda boda ilipita nje, mlio wake ukaisha. Beseni halikusogea.

"Hizo nyingine," akanong'ona, "usizisage."

Nilikikumbatia kifuani kitambaa chenye kunde zilizobaki, kikanilowesha shati.

"Nitazipanda leo, baba. Zikizaa, utazila wewe."