Sufuria ya Mama Iling'aa

Akili ilishamtoka mama, lakini usafi haukumtoka. Kila alipoletewa uji aliinua sufuria yake ya alumini, akaigeuza kukagua ubavu, akaona masizi, akairudisha.

"Nani amekufundisha kumpa mtu chakula kwenye chombo kichafu? Kasugue kwanza."

Bakuli alilitupa mlangoni. Sahani alisema ni za watu. Alitaka sufuria yake tu, ile aliyoingia nayo kwenye ndoa, na huku anasusa mashavu yalizidi kubonyea.

Bintiye, kitinda mimba aliyebaki kumuuguza baada ya wakubwa wake kushika hamsini zao, alisugua mpaka kucha zikakatika. Majivu, mchanga, maganda ya limau yaliyochemshwa humo humo kama mama alivyomfundisha. Wapi! Masizi ya miaka yote hiyo yalimcheka. Akapiga moyo konde, akaipeleka kwa fundi wa sufuria, waliyembandika jina la Kioo kwa majigambo yake.

"Dada, alumini nzito namna hii haipatikani tena," Kioo alisema akiigongagonga. "Nikung'arishie kiasi gani?"

"Mpaka mwisho. Nataka mama ale."

"Basi utachania nywele humo."

Akaishikilia kwenye gurudumu la kusugulia, likapiga kelele, vumbi jeusi likamjaa puani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Kioo hakutia chumvi.

Binti alirudi nyumbani karibu akimbie. Akapika uji kwenye chungu ili sufuria isishike masizi, akaupoza, akaumimina humo, akamwekea mama mapajani. Mama akaiinua sufuria kama kawaida yake, akaigeuza. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo binti alikuwa amelisahau.

"Karibu, bibi," mama aliuambia ubavu wa sufuria. Akamgeukia bintiye, akamnong'oneza kwa ukali, "Mbona hukuniambia tuna mgeni? Tazama alivyokonda, maskini. Mpe yeye kwanza."

"Mama, huyo ni wewe."

"Mimi nimezeeka hivyo? Acha utani na watu wazima."

Akachota uji, akausogeza kwenye alumini pale mdomo wa mgeni ulipokuwa. Uji ukamtiririkia mapajani. Akachota tena, anabembeleza, "Kula, mwenzangu, usione haya," mpaka sufuria ikabaki tupu, na yeye hakuonja hata tone.

Binti akaenda uani. Akawasha kuni mbichi, akatupia na kipande cha tairi, akaishikilia sufuria juu ya moshi huku machozi yakimtoka, na si kwa moshi peke yake. Iliporudi kuwa nyeusi tii akapika uji mwingine.

Mama aliigeuza sufuria, akatafuta ubavu huu na ule. Safari hii hakusema neno juu ya masizi.

"Yuko wapi?"

"Ameshaondoka, mama. Sasa kula wewe."

"Alikula?"

Binti akaukoroga uji.

"Mgeni ametoka kwangu na njaa," mama alisema, "halafu mimi nile?" Akaisukuma sufuria, akaugeukia ukuta.