Kosa la Ubaoni

Katika idara ile ya chuo cha Guangzhou, ubao ulioandikwa "usifute" pembeni haufutwi. Hata mfagizi huuheshimu. Elinami aliandika neno hilo kwa Kichina, na chini yake uthibitisho uliomlia miaka minne: kwamba mawimbi ya aina fulani, hata yagongane vipi, mwishowe hutulia. Kazi yake ilikuwa fizikia ya hisabati, ile isiyo na mitambo, ila chaki na kichwa. Profesa aliyemleta alishastaafu. Waliobaki walimsalimia kwa adabu, wakafunga milango yao. Kwao nyumbani, Same, walijua anatengeneza roketi, naye alishachoka kukanusha.

Alitaka kitu kimoja tu: mtu ausome uthibitisho wake.

Siku moja, akiupitia mwenyewe, akaona kosa katikati ya ubao: alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Nyani haoni kundule, lakini yeye aliliona. Kulirekebisha ni kufumba na kufumbua. Akainua chaki, akaishusha. Msomaji wa kweli asingelipita kosa lile kimyakimya. Akaliacha.

Kila asubuhi alianzia ubaoni. Kosa lilikuwa palepale, na upweke ulimuuma kuliko jana yake.

Jumapili, baada ya ibada, alimsaidia dada Careen, mfanyabiashara wa Moshi, kufunga marobota ya nguo katika mtaa wa Guangyuan Xilu. Akamsimulia.

"Yaani kosa unaliona, halafu unalifuga?" Careen alicheka mpaka akaegemea robota. "Mdogo wangu, hapa laoban, mwenye duka, akikwambia meiyou, hana mzigo, unahama duka. Na wewe hama!"

"Nihamie wapi, dada? Maduka yenyewe hakuna."

Careen akaacha kucheka. Akamkatia nusu ya chapati yake.

Wiki iliyofuata alikuta mduara mwekundu umeizunguka ile alama, na pembeni alama ndogo ya kujumlisha. Jina hakuna. Elinami alitoka mbio kwenye korido, lakini milango yote ilikuwa imefungwa. Akarudi, machozi yakimlenga kwa furaha. Kuna mtu alisimama hapa, akamfuata mstari kwa mstari.

Akalisahihisha kosa, akaandika "Asante". Kisha akashuka hadi mstari wa chini, uliokuwa sahihi kabisa, akafuta alama moja, akaandika kosa jingine.