Maziwa ya Madoa

Saa kumi alasiri mjane alikuwa akikamua ng'ombe wake wa nne alipoona kwamba wa tano kwenye foleni ni Madoa, aliyezikwa Jumanne. Alimfunga miguu, akamwosha kiwele, akaweka ndoo. Madoa alitoa lita sita kama kawaida yake, ila zilikuwa za maji.

"Angalau hajapunguza," mjane alisema, akaisogeza ndoo kando.

Daktari wa mifugo alifika akiwa amepakata hadubini kama mtoto. Ng'ombe watatu walikuwa wamelala: homa nyuzi arobaini na moja, fizi nyeupe, mkojo rangi ya kahawa. Alimtoboa mmoja ncha ya sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini kwenye meza ya jikoni.

"Vijidudu hawa hapa," alisema. "Wawili wawili ndani ya chembe ya damu, kama mapacha tumboni. Wameletwa na kupe. Dada, ng'ombe hawa watatu watapona. Nakwambia hata kabla sijachoma sindano."

"Mbona tunawaogesha kwa dawa ya kupe joshoni kila wiki? Josho analisimamia shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu."

Daktari aliinusa ndoo ya Madoa. Akabandua kupe mguuni mwa ng'ombe, akamtumbukiza humo. Kupe akatambaa hadi ukingoni, akashuka, akaenda zake.

"Haya ni maji ya josho," alisema. "Kama dawa ilipita humu, ilipita kusalimia tu."

Akachoma sindano. Siku ya tatu ng'ombe wote walisimama, wakadai majani kwa kelele.

Mjane alimpelekea shemeji yake ndoo.

"Dawa naweka, shemeji," alisema yule bwana bila kuitazama. "Kupe wa siku hizi ni sugu."

"Kupe au wewe?"

Jumamosi wafugaji walikaa kikao. Daktari alieleza, mjane akaonyesha ndoo, Madoa akasimama mlangoni akicheua. Katibu aliandika mahudhurio: wafugaji ishirini na tatu, ng'ombe mmoja, marehemu. Kisha shemeji akachaguliwa tena kulisimamia josho, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye na hakuna aliyetaka kumwomba.

Mjane hakunyoosha mkono. Jumatatu alinunua bomba la kupulizia dawa, akawaogesha ng'ombe wake mwenyewe uani, kuanzia masikioni.