Spika Alipokosa la Kutafsiri

Asikwambie mtu, kununiwa na mke kunauma kuliko kutukanwa. Spika alikuwa kanuniwa wiki nzima. Spika ndiye yule jamaa wa kibanda cha video, anashika maiki na kutafsiri sinema papo hapo, wazungu wote wanaongea kwa sauti yake. Mkewe anakata tiketi mlangoni. Ila tangu azipate habari za Spika na dada wa saluni, hamsemeshi, na siku hiyo kaja na sanduku kabisa: onyesho likiisha, anaenda zake kwa mama yake.

Mchana huo mashine ikatafuna kanda ya karate. Iliyobaki ilikuwa moja tu, sinema ya miaka ya themanini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: mume mwenye suti nyeupe, mke, na hawara. Spika atafanyaje? Akaiweka.

Ikafika sehemu mume na mke wako mezani, wanatazamana tu, kimya. Hakuna cha kutafsiri.

"Spika, umelala?" wateja wakapiga kelele. "Sema kitu, bwana!"

Kazi yake haijui kimya. Pakiwa na kimya, anajaza. Akajaza.

"Mama watoto," suti nyeupe ikasema, "nimekukosea. Yule dada nimeachana naye. Sina la kujitetea. Nisamehe."

Midomo ya mzungu wa watu haikusogea hata kidogo. Wateja wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kutazama mlangoni.

Kwenye skrini mke akainuka, akabeba sanduku, akasema maneno marefu. Spika akakamata maiki kwa mikono miwili. "Anasema... anasema..."

"Anasema umemtia aibu ya kutosha!" mkewe akadakia kutoka nyuma. "Na anasema sanduku ni zito, njoo ulirudishe nyumbani mwenyewe. Ukirudia tena, utabeba la kwako!"

Kibanda kizima kikalipuka kwa makofi.

"Mbona sasa anapanda basi?" babu mmoja akauliza, kidole kwenye skrini.

"Anaenda sokoni, babu, anarudi," Spika akajibu huku anafuta machozi. "Asante, mama watoto. Asante sana."

Sanduku lilikuwa zito kweli, maana mkewe alipakia mpaka pasi ya mkaa. Spika alilibeba kichwani njia nzima, anacheka peke yake. Na ile mashine iliyotafuna karate, mpaka leo haruhusu mtu aiseme vibaya.