Jiwe Katika Kifua cha Isidore

Jumamosi moja ya mwaka 1953, asubuhi, Emérita alikuwa akigonga vyungu vyake nyuma ya nyumba, katika kambi ya wachimba bati karibu na Mubi. Alikigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kizima kiliitika. Chenye ufa kilinung'unika, naye akakitenga. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kule Muheto.

Mumewe, Isidore, alikuwa mkekani akikohoa. Kontra yake, mkataba wake na kampuni, ilikuwa imebakiza miezi minane. Ni karatasi ya munganga wa kampuni tu ingeweza kumrudisha Muheto mapema.

Emérita alimpaka udongo mbichi kifuani ili kumpoza. Kisha, kwa mazoea, akagonga.

Udongo ulisogea. Uliinuka hapa, ukabonyea pale, mpaka ukaonyesha mbavu, moyo na mapafu mawili. Chini ya pafu la kulia kulikuwa na jiwe.

"Iko nini?" Isidore aliuliza.

"Jiwe. Kubwa sawa yai."

"Njo maana silalie huo upande."

Jirani yao Léonard naye alikuja akavua shati. "Mama Emérita, angalia kama moyo iko. Bibi yangu anasema sina."

Moyo ulikuwepo, na vijiwe vitatu.

Baada ya vifua kumi Emérita alikuwa ameielewa kazi. Sauti ilipenya nyama, na kila ilipokuta mpaka, wa nyama na mfupa, wa pafu na jiwe, sehemu yake ilirudi. Ya karibu ilirudi mapema, ya mbali ikachelewa, na udongo ulichora kwa kufuata uchelewaji huo. Ulipaswa kuwa mbichi na kushika ngozi barabara. Upepo kidogo ukiingia katikati, ulimeza sauti yote.

Jumatatu aliubandua udongo wa Isidore, akaupeleka dispensari. Munganga, Mzungu mwenye rula mfukoni, alilipima jiwe mara mbili. Picha aliiona nzuri. Akamwita kapita Sebarenzi, msimamizi wa wachimbaji.

"Hii ni jiwe gani?"

"Bati, Dokta."

"Ya nani?"

"Ya kampuni."

Kila jioni mlangoni wachimbaji walipekuliwa nywele, vinywa na mikunjo ya kaptura. Pumzi hakuna aliyekuwa ameipekua. Munganga aliandika kwamba Isidore alikuwa na mali ya kampuni, na kwamba mtu hatoki kambini na mali ya kampuni.

"Atairudisha namna gani?" Emérita aliuliza.

"Akohoe," kapita alisema.

Isidore alikohoa. Kwa kuwa kambini hakuruhusiwa mtu kukaa bure, alikohoa akiwa shimoni. Asubuhi alitema vumbi kwenye kikombe cha kampuni, mchana akavuta jingine. Kila Jumamosi Emérita aligonga. Yai likawa ngumi, ngumi ikawa kiazi.

Katika mwezi wa tano wa ile minane Isidore alikufa. Emérita aliomba mwili aupeleke Muheto. Sebarenzi alivua kofia.

"Pole, Mama. Lakini jiwe ingali ndani."

Walimzika nyuma ya ghala la bati, ndani ya uzio, na ghala likaandika kaburi hilo miongoni mwa akiba yake.

Emérita aliuchoma udongo wa mwisho alioubandua kifuani mwa Isidore mpaka ukawa kigae kigumu, akakifunga kwenye kitenge. Mlangoni mlinzi alikigonga kwa kifundo. Siku hizo walinzi walikuwa wamejifunza kugonga, na foleni ya vifua vyenye udongo ilifika hadi dispensari. Mlinzi aliridhika kwamba ni udongo mtupu, akampisha.

Alitembea siku tano. Muheto, ndugu wa Isidore walichimba kaburi la urefu wa mtu. Katekista alisali. Emérita alikilaza kigae chini, na kabla ya kutoka shimoni akakigonga mara moja, kwa mazoea.

Kigae kilikohoa.

Walingoja kimalize, kisha wakafukia.