Kifaranga wa Saba

Siku ya kuwapima watoto wa darasa la awali, nilipiga mswaki mara mbili kwa kusahau. Ungedhani anayepimwa ni mimi. Watoto walikuwa kumi na tisa, na kila mmoja alitakiwa kukaa nami kwenye mkeka ndani ya chumba cha vifaa, ahesabu, ataje rangi, aruke kwa mguu mmoja, halafu nimwekee alama kwenye fomu: anaweza, anajitahidi, au bado. Mwenye "bado" nyingi angerudia awali mwaka mzima huku wenzake wakienda darasa la kwanza.

Kumi na wanane hawakunitia wasiwasi. Aliyeninyima raha ni Chembe.

Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, fundi cherehani, kwa sababu ya udogo wake. Tangu aanze shule, Chembe hakuwahi kunijibu neno. Nikimwuliza kitu, anainamisha kichwa na kuchezea kifungo cha shati. Sikuwahi kumlazimisha. Mimi mwenyewe, siku ya kufundisha mbele ya mkufunzi wangu wa chuo, niliandikiwa kwa wino mwekundu: "Sauti haikufika nyuma."

Asubuhi hiyo bibi yake alinidaka mlangoni.

"Mwalimu, mwanangu, sketi ya darasa la kwanza nimeshaishona. Nimeacha na upindo mrefu, aivae mpaka la tatu. Nyumbani huyu anaongea mpaka cherehani inaomba kupumzika! Usije ukanirudishia sketi kabatini."

"Nitajitahidi, bibi," nilisema, kwa sauti iliyoishia kwenye kola yangu.

Jina la Chembe ndilo linaloanza orodha, kwa hiyo niliingia naye wa kwanza. Nilimwekea kadi yenye picha ya kuku na vifaranga wake uani, na ndoo pembeni. "Vifaranga wangapi?" Alisogeza jicho karibu na karatasi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Akaangalia weee. Akanitazama, midomo ikafunguka, ikajifunga. Rangi, kimya. Kuruka, alisimama tu na miguu yake miwili. Niliandika bado, bado, bado, kwa penseli na wala si kwa kalamu, kisha nikampeleka kwenye benchi la nje walipokuwa wamekaa wenzake, nikarudi kupanga fomu zangu, ndipo nikamwita anayefuata.

Aliyefuata tunamwita Injinia, maana hakuna kitu hajakifungua. Rangi alizitaja bila kupumua. Vifaranga?

"Saba."

Mwongozo wangu wa majibu ulisema sita. Nikaweka "anajitahidi" na kumpa pipi ya moyo, yaani tabasamu. Akaja pacha mkubwa: saba. Pacha mdogo: saba. Nikajiambia hao ni mapacha, wanakosea pamoja. Lakini wa tano naye akasema saba, na wa sita, Gari Moshi, aliingia mlangoni akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Mwalimu, kuruka nimeshamaliza. Nyekundu, kijani, njano, bluu. Vifaranga saba. Niende?"

Kalamu ilinidondoka.

"Nani amekuambia haya yote?"

"Chembe. Ametufundisha pale kwenye benchi. Ukikosea anakurudisha mwanzo."

"Chembe anaongea?"

Gari Moshi alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, Chembe hanyamazi!"

"Na vifaranga saba mmewatoa wapi? Hesabu vizuri. Wako sita."

Aliweka kidole kidogo chenye vumbi la chaki pembeni ya ndoo. "Chembe kasema mmoja amejificha. Mkia huu hapa."

Nikainama. Kweli, nyuma ya ndoo palichomoza kimkia kidogo, si zaidi ya ukucha. Kadi hiyo nilikuwa nimeitumia miaka miwili. Nilicheka peke yangu mpaka Gari Moshi naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

Nilibadilisha alama za vifaranga kwa wale wanne waliotangulia, nikampa na Gari Moshi ya kwake. Kisha nikapapasa kifutio mbele ya jina la Chembe, nikasita. Kufuta si kazi yangu peke yangu. Kwa Mwalimu Mkuu ilibidi niende, tena nikaseme.

Mwalimu Mkuu wetu ni mwanamume mpana, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilimweleza nikiwa nimesimama karibu na mlango.

"Mwalimu, unanong'ona kama unaniuzia siri. Sogea. Mtihani umefanyaje?"

"Umevuja," nilisema.

"Umevuja! Wa chekechea?"

"Ndiyo. Lakini aliyeuvujisha amejibu maswali yote, na moja amelijibu vizuri kuliko mwongozo wenyewe." Nilishangaa kusikia sauti yangu ikigonga ukuta wa pili. "Siwezi kumwandikia bado. Akirudia awali, nitamfundisha nini? Yeye ndiye anayefundisha."

Alivua miwani. "Miaka ishirini na saba nalinda mitihani, sijawahi kuletewa mvujishaji mwenye pengo la meno ya mbele. Lakini fomu inataka kusikia, mwalimu. Si kusimuliwa."

"Basi njoo usikie."

Akachagua mwenyewe kadi ambayo watoto hawajawahi kuiona, ya nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Nilimwita Chembe pamoja na Usingizi, mvulana wa mwisho kwenye orodha, aliyekuwa amelala fofofo kwenye benchi toka saa tatu, nikawaketisha mkekani na kadi hiyo.

"Chembe, mwenzako bado hajajiandaa," nilimwambia. "Msaidie. Sisi tuko hapa nyuma tunatafuta penseli."

Nyuma ya pazia la rafu za vifaa tulibanana mimi, Mwalimu Mkuu na maboksi ya chaki. Halafu tukamsikia Chembe:

"Usingizi, amka basi. Soksi ngapi hapa? Usikimbie. Taratibu, hatufukuzwi na mtu. Hapana, hiyo ni glavu, ina vidole. Haya, tuanze tena, hujakosea, umechungulia tu vibaya."

Mwalimu Mkuu alinigeukia. Maneno yale yalikuwa yangu, moja baada ya jingine, hata ile pumzi ninayovuta kabla ya kusema "haya". Nilitazama maboksi ya chaki kwa sababu macho yalianza kuniwasha.

"Soksi tano," alisema Usingizi.

"Umeona! Moja imepotelewa na mwenzake. Sasa rangi."

Walimaliza rangi. Usingizi akapiga mwayo. "Na vile viatu kule chini ya pazia?"

"Vinne. Vidogo vya mwalimu wetu. Vikubwa vya Mwalimu Mkuu, na kimoja hakijafungwa kamba."

Sote wawili tuliangalia chini. Ilikuwa kweli.

Mwalimu Mkuu alitoka nyuma ya pazia, akajishusha taratibu mpaka kwenye mkeka, magoti yakilia. Chembe alikamata kifungo chake. Nilidhani basi, tumempoteza. Lakini yule mtu mzima alinyoosha mguu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Nisaidie, mwalimu. Nitaanguka."

Chembe alikitazama kiatu, akamtazama mwenye kiatu. Akapiga magoti na kuanza kufunga. Mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akavuta.

"Usitingishe," alisema. "Haya. Sasa simama, lakini taratibu."

"Kufunga kamba za viatu," Mwalimu Mkuu aliniambia huku akiinuka kwa kushika rafu. "Ni namba ngapi kwenye fomu?"

"Kumi na mbili."

"Iandike. Na zile nyingine ziandike kwa kalamu."

Mchana bibi alikuwa getini kabla ya kengele. Hakusalimia. "Amesema?"

"Amesema, bibi!" Mwalimu Mkuu alijibu kutoka dirishani, na mtaa mzima ukasikia. "Amenikemea mimi!"

Bibi alishika kiuno akacheka, akanivuta na kunikumbatia, sindano zilizochomekwa kwenye kanga yake zikinichoma begani. Chembe alisubiri tumalize. Kisha akanivuta mkono mpaka nikainama, akaniwekea mdomo sikioni. Ulikuwa na joto na harufu ya penseli.

"Mwalimu, yule wa nyuma ya ndoo, umemwandika?"

"Nimemwandika," nilimwambia. "Kwenye mwongozo wenyewe."

Akaitikia kwa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika, akamshika bibi yake mkono.