Mama Mmoja, Fomu Mbili

Mwenyekiti wa kamati ya ufadhili alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akamgeukia karani wake, wakatazamana. Hapo nikajua kuna jambo.

"Hebu rudia kidogo, dada," alisema. "Huyo mama aliyepooza upande wa kulia, uliyemfundisha upya kushika kijiko kwa kukizungushia kitambaa kwenye mpini..."

"Ndiye mama yangu."

"Habari hizo tumezisikia leo asubuhi. Hadi hicho kitambaa."

Nilicheka. Mimi nikibanwa hucheka, ndio ugonjwa wangu. Kisha kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka ni nani aliyenipigia chapa maelezo yangu.

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Redio kwa sababu hafungi mdomo, alikuwa na kompyuta ya chuo. Miezi miwili kabla ya siku hiyo tulikaa kitandani kwake na orodha ya nafasi zote za masomo ya nje, tukagawana kidugu. Yeye aombe ufadhili wa masomo ya biashara. Mimi niombe huu wa tiba ya viungo, ambao ulipokea mwombaji mmoja tu kwa kila familia. "Huo ni wako, dada," aliniambia. "Nani atakuweza?" Nikampa karatasi nilizoandika kwa mkono azipige chapa. Miaka mitatu ya kumgeuza mama, kumkanda, kumnyoosha vidole kimoja baada ya kingine, nikamkabidhi mimi mwenyewe kwa mikono miwili. Miaka hiyo yote Redio alikuwa bwenini, akija likizo na kumsalimia mama akiwa amesimama mlangoni.

"Fomu mbili, mama mmoja," alisema mwenyekiti. "Mmoja wenu anatudanganya, na huyo tunamtoa."

"Mwulizeni mama mwenyewe," nikasema. "Namba yake mnayo."

Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kumwonea Redio huruma kwa aibu itakayompata. Karani akaweka simu katikati ya meza, sauti juu.

"Habari za huko, mama? Tunapiga kutoka ofisi ya ufadhili. Tunataka kujua, katika binti zako wawili, ni yupi aliyekuuguza?"

Nilisikia anavyohema. Kuhema huko nakujua, ni kwa mtu anayetafuta neno.

"Ni mdogo," mama alisema.

Neno lilitoka polepole lakini wazi. Mimi ndiye niliyemfundisha kutamka upya, asubuhi baada ya asubuhi, tukitazamana midomo.

"Na yule mkubwa?"

"Mkubwa... alikuwa na shughuli zake."

Mwenyekiti alifunga faili langu. Hakunigombeza. Aliniambia tu mlango uko nyuma yangu, na karani akawa anatazama kalamu yake ili asinitazame mimi. Nilitoka pale mwizi wa maisha yangu mwenyewe.

Nyumbani Redio hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa rafiki yake, kwa mara ya kwanza amekosa la kusema. Mama nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, ameinamia upande, mto umemteleza.

"Mama, umenifanyia nini?"

Hakukana. Angekana ningemshukuru.

"Alikuja wiki iliyopita. Ule ufadhili wake wa biashara walimkatalia. Akalia sana."

"Na mimi nikilia?"

"Wewe hulii."

"Mama, umewaambia nilikuwa na shughuli zangu! Shughuli gani niliyokuwa nayo zaidi yako?"

Aliangalia nje kidogo, halafu akanitazama kwa lile jicho lake zima.

"Mwanangu, yule akienda, mimi sipungukiwi kitu. Hajui hata kunigeuza. Ukienda wewe, nani ataniosha?"

Katika miaka mitatu mama hakuwahi kunisifu, na siku aliyonisifu ndiyo aliyonimaliza. Kama ningemuuguza vibaya, kama ningemwacha alale na shuka chafu siku mbili tatu, leo angewaambia ukweli na mimi ningekuwa natafuta pasipoti. Nilitamani kumtukana. Sikumtukana, ila nikamchukia kwa kunifanya nitamani.

Nikakaa kitako sakafuni, mgongo nimempa. Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia, anajaribu kujiinua kwa mkono mmoja, anashindwa, anajaribu tena.

"Mwanangu," akasema. "Mto."

Nikainuka nikauweka sawa, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuuweka, na hilo yeye alilijua kabla hajapokea simu.